MAKTABA YA UMMA: NI NINI HUIFANYA ITUFAE?



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa darasa la nne, na siku zote nilidhani inawahusu wenye maduka peke yao. Mwaka huu ndipo nilipotambua kwamba inawahusu wakutubi pia, tena inanihusu hata mimi mwanafunzi wa kidato cha tatu nisiye na duka wala kibanda.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya swali aliloliuliza mlezi wa chama chetu katika mkutano wa muhula wa kwanza. Aliuliza ni wangapi kati yetu tuliowahi kuingia maktaba ya mjini. Tulikuwa wanachama arobaini na kitu, nayo mikono iliyoinuka ilikuwa sita. Baada ya mkutano niliwauliza wenzangu kwa nini hawaendi. Mmoja akanijibu, "Ah, wewe nawe! Kule huwezi pata kitabu. Unatafuta mpaka unachoka, unarudi nyumbani." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua kitabu kimoja ambacho watu hawakukipata, na nilimjua aliyekifanya kisipatikane. Nitaeleza.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Maktaba ya umma si ya shule wala ya chuo. Ni ya kila mtu, awe muuza sukuma wiki au wakili, mtoto wa chekechea au mzee aliyestaafu. Shirika la UNESCO lilitoa tamko lake la kwanza kuhusu maktaba za umma mwaka wa 1949, nalo tamko hilo limeandikwa upya mara kadhaa, ikiwemo 1994 na 2022. Linasisitiza kwamba mlango uwe wazi kwa watu wote bila kujali rangi, dini wala cheo. Hapa Kenya, Bunge lilitunga sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka wa 1965, wakati uhuru wetu ulikuwa na umri wa mtoto anayejifunza kusema. Halafu Katiba ya 2010 ikaziweka maktaba katika orodha ya kazi za serikali za kaunti. Kwa hivyo ukiwa na lalamiko kuhusu maktaba ya kwenu, usimwandikie Rais barua. Anza na kaunti.

Maneno "watu wote" ni mepesi kuyatamka lakini historia yake ni nzito. Jijini Nairobi kuna maktaba ya McMillan, jengo lenye nguzo kubwa za mawe na sanamu za simba mlangoni. Ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa kumbukumbu ya Bwana William Northrup McMillan, na mjane wake ndiye aliyeisimamisha. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Angeweza kufagia, lakini kusoma hapana. Mwaka wa 1962 ilikabidhiwa Baraza la Jiji, nayo ina matawi mawili huko Eastlands, Kaloleni na Makadara. Basi kabla ya kuuliza kama maktaba ina vitabu vingi, swali la kwanza ni je, mimi naruhusiwa kupita mlangoni? Siku hizi hakuna anayekuzuia kwa rangi yako. Lakini yapo mambo mengine yanayomzuia mtu bila bango lolote, na nitayataja.

KANUNI ZA MWALIMU WA HESABU

Mwaka huo huo wa 1931, huko India, kilitolewa kitabu kilichoandikwa na mtu aitwaye S. R. Ranganathan. Bwana huyu alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka wa 1924 akapewa kazi ya ukutubi katika Chuo Kikuu cha Madras, na inasemekana alichoshwa mno na ukimya wa maktaba hata akaomba arudishwe darasani. Hawakumrudisha. Walimpeleka Uingereza kusomea kazi hiyo, na huko akazunguka maktaba nyingi akitazama zinavyoendeshwa. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akaandika kanuni tano ambazo wakutubi wa dunia nzima husomeshwa mpaka leo.

Nitazieleza kwa maneno yangu. Ya kwanza, vitabu viko pale vitumiwe. Ya pili, kila msomaji ana kitabu kinachomfaa. Ya tatu, kila kitabu nacho kina msomaji wake. Ya nne, usimpotezee msomaji wakati. Ya tano, maktaba ni kama kiumbe hai, hukua.

Ukizisoma mara ya kwanza utasema, "Si haya kila mtu anayajua?" Hata mimi nilisema hivyo. Lakini hebu fikiria hiyo ya kwanza. Zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo ya chuma kwenye rafu, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, minyororo hiyo ingalipo hadi leo na watu huenda kuitazama. Kitabu kilikuwa ghali sana, kwa hivyo kazi ya mtunzaji ilikuwa kukilinda msomaji asiondoke nacho. Minyororo imeisha, ila fikira zake hazijaisha. Nimeona kabati za vitabu zenye kufuli ambazo ufunguo wake ni wa mtu mmoja, naye mtu huyo yuko likizo.

Kanuni ninayoipenda zaidi ni ya nne. Naona ndiyo mizani ya kupimia maktaba yoyote. Usihesabu kwanza vitabu, wala usitazame kama jengo limepakwa rangi. Tazama saa yako. Tangu ulipotamani kitabu hadi kilipofika mkononi mwako, ni muda gani umepita? Ikiwa ni dakika kumi, hiyo ni maktaba. Ikiwa ni wiki tatu, kuna kitu kimeharibika mahali fulani.

Mimi nilisababisha wiki tatu.

KITABU KILICHOPOTEA NDANI YA NYUMBA

Mwezi wa Februari nilipewa kazi chamani ya kuzungumzia ushairi wa Abdilatif Abdalla. Kitabu chake, Sauti ya Dhiki, kilitolewa mwaka wa 1973, na mashairi yaliyomo aliyatunga akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972. Katika maktaba ya mji wetu kilikuwa kimoja tu. (Maktaba yenyewe sitaitaja, kwa sababu aliyekosa si yeye.) Wakati huo sikuwa na kadi ya kuazimia. Ili upate kadi ni lazima utoe pesa za dhamana, na ingawa pesa hizo hurudishwa siku ukiacha uanachama, kwetu zilikuwa ni unga wa wiki mbili. Baba alisema tungoje mwisho wa mwezi. Ikawa ninasomea mle mle ndani.

Siku hiyo ya Ijumaa nilikuwa nimefika katikati ya kitabu kengele ya kufunga ikalia. Nikaingiwa na hofu. Je, kama mwingine atakuja kesho asubuhi akakiazima? Nikatazama huku na huku, nikapita mpaka upande wa ukulima, nikakisukuma nyuma ya vitabu vya ufugaji wa nyuki. Nikajiambia hakuna mtu wa mji huu anayefuga nyuki. Nikaenda zangu nyumbani nimeridhika kabisa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilimkuta msichana mmoja kwenye kaunta, amevaa sweta ya shule ya mbali kidogo. Alikuwa wa kidato cha nne. Alikuwa anauliza habari za kitabu hicho hicho.

"Madam, Sauti ya Dhiki kiko kweli?"

Mama Mkutubi alipekua trei yake. Katika maktaba yetu kila kitabu kina kadi yake ndogo mfukoni mwa jalada. Kikiazimwa, kadi hiyo hutolewa na kubaki kwenye trei pamoja na ya mwazimaji. Kama kadi haimo kwenye trei, basi kitabu kiko ndani. Maktaba nyingine hufanya hivyo kwa kompyuta, lakini hesabu ni ile ile.

"Hakijatoka," akasema. "Kiko ndani. Angalia tena, pengine mtu amekirudisha vibaya."

"Nimeangalia mara tatu. Na nimelipa nauli kuja hapa."

Mimi nilikuwa nimeketi meza ya pili, kichwa nimekiinamisha kwenye daftari. Sikusema neno. Nilifikiri, nimalize kwanza mashairi yangu, kisha nitakirudisha yeye akipate. Alipoondoka nikaenda mbio kwenye nyuki. Lo! Rafu ilikuwa imepanguswa vumbi na vitabu vimesogezwa. Sauti ya Dhiki haikuwepo.

Dada yule alirudi Jumamosi ya pili. Akarudi na ya tatu. Nami Jumamosi zote hizo nilikuwa ninatafuta kwa siri kitu nilichokificha mwenyewe. Siku hiyo ya tatu alipokwisha kwenda, moyo ulinishinda, nikaenda kaunta nikasema yote.

NAMBA MGONGONI MWA KITABU

Nilitarajia kufukuzwa. Mama Mkutubi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kijana, unajua kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake sisi tunakiita nini? Tunasema kimeibwa. Tofauti ni kwamba mwizi angalau anakisoma." Halafu akanipa kazi. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi maktaba inavyofanya kazi, nami ningependa kuwaeleza wenzangu kwa sababu ukishaelewa hutahangaika tena.

Namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu si ya mapambo. Inatokana na mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani, aliyeutoa mwaka wa 1876. Aligawa elimu yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Dini iko 200, lugha 400, sayansi 500, kazi za mikono na ukulima na mapishi 600, fasihi 800, historia na jiografia 900. Kila fungu linagawanywa tena kwa kumi, na tena kwa kumi, kisha huja nukta na kugawanywa kunaendelea. Kwa hivyo kuku wako 636.5, nyuki 638.1, na mapishi 641.5. Ukiijua namba huhitaji kumwuliza mtu. Unatembea tu ukihesabu, kama unayetafuta nyumba kwenye mtaa wenye namba milangoni.

Fasihi ya Kiswahili iko wapi? Nilipoonyeshwa nilikasirika. Fasihi ya Kiingereza iko 820, karibu na mlango wa fungu. Sisi tuko 896.392! Yaani Dewey aliwapa watu wa Ulaya vyumba vyao kila mmoja na chake, kisha lugha zote zilizobaki duniani akazirundika 890, na Afrika nzima ikapewa 896 tugawane kwa nukta. Sarufi nayo ni hivyo hivyo: Kiingereza 420, Kiswahili 496.392. Nilimwambia Mama Mkutubi kwamba huu ni ubaguzi. Akakubali kwamba mtu yule aliitazama dunia akiwa ameketi Marekani katika karne yake, ila akaniambia kwamba mfumo wenyewe huruhusu maktaba, ikitaka, iipe fasihi ya kwao nafasi ya mbele. Nadhani Chama cha Kiswahili kina la kuandika hapo. Lakini hata ukiwa na uchungu, ikariri hiyo 896.392. Ndipo palipo na watu wetu.

Kazi niliyopewa huitwa kusoma rafu. Haina maana ya kusoma vitabu. Unasimama mwanzo wa rafu na kupitisha kidole mgongo kwa mgongo, ukitazama namba: 630, 630.7, 631, 631.4... Ukikuta 635 kati ya 631 na 632, unakitoa na kukirudisha kwake. Ni kazi ya kuchosha shingo na haina sifa. Hakuna mgeni wa heshima atakayekuja kuifungua kwa kukata utepe. Lakini kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote za maktaba. Maktaba yenye vitabu elfu mbili vilivyopangwa ina faida kuliko yenye elfu ishirini vilivyovurugwa, kwa sababu katika hiyo ya pili katalogi inakuambia kitabu kipo, nawe unapoteza siku kuthibitisha kwamba hakipo.

Tulisoma rafu asubuhi mbili za Jumamosi, mimi na msaidizi wake. Sauti ya Dhiki tulikipata 641.5, baina ya kitabu cha mikate na kitabu cha achari. Aliyepangusa vumbi alikuwa amekikuta nyuma, akakishika pamoja na vingine, akakichomeka palipokuwa na nafasi.

Mama Mkutubi alikiweka kaunta majuma mawili akimngojea yule dada. Hakurudi. Hatukuwa na jina lake, kwa kuwa asiye na kadi haandikwi. Wa kidato cha nne huwa na mitihani yao ya majaribio wakati huo. Sijui kazi yake aliiandika kwa kutumia nini.

KWA NINI TUNAACHIWA RAFU

Huenda msomaji akauliza, kwa nini basi wakutubi wasituzuie kuzigusa rafu kabisa? Swali zuri, na limewahi kujibiwa. Zamani katika maktaba za umma za Uingereza msomaji hakuruhusiwa kufika kwenye vitabu. Alichagua namba katika orodha, akatazama ubao mkubwa wenye vijinamba vya rangi, rangi moja ikionyesha kitabu kimo na nyingine kimetoka, kisha akaomba kwenye kidirisha aletewe. Mwaka wa 1894 mkutubi mmoja wa mtaa wa Clerkenwell huko London, James Duff Brown, akaondoa kizuizi hicho na kuwaachia watu waingie wajichagulie. Wakutubi wenzake walimshambulia sana. Walisema watu wataiba, watachafua, watavuruga. Lakini taratibu hiyo ilienea, na ndiyo sababu wewe na mimi tunapita kati ya rafu leo.

Faida yake ni kubwa. Ukienda kuchukua kitabu kimoja, macho yako hukutana na cha jirani yake ambacho hukujua kama kiliandikwa. Mimi nilipata hivyo vitabu vya hadithi ambavyo hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia. Ila wale waliompinga Brown hawakukosea yote. Rafu iliyo wazi inategemea mikono ya wasomaji, na mikono yenyewe ndiyo kama yangu. Ndiyo maana maktaba nyingi hubandika tangazo: UKIMALIZA, ACHA KITABU MEZANI. Nilikuwa nikidhani ni heshima tunafanyiwa. Kumbe wanatuogopa.

SAA NA MGUU

Nilisema yapo mambo yanayomzuia mtu bila bango. La kwanza ni saa. Sisi wa shule ya kutwa hutoka saa kumi na dakika kumi. Kutoka hapa hadi maktabani ni mwendo wa dakika arobaini kwa mguu, na hufungwa saa kumi na moja. Piga hesabu. Unapata dakika kumi, na tano kati ya hizo unaacha mkoba kwa mlinzi. Wale wanaoweza kufika saa nne asubuhi ni wasio na kazi wala shule, na si haki kuwaambia wanafunzi na wafanyakazi kwamba hawapendi kusoma wakati mlango hufungwa wanapopata nafasi. Kama ingefunguliwa saa nne na kufungwa saa moja usiku, saa za kazi ni zile zile, lakini waingiao wangekuwa wengine kabisa. Wengi wetu nyumbani tuna chumba kimoja, televisheni, na mtoto anayelia. Hatuendi maktabani kwa ajili ya kitabu tu. Tunafuata meza na taa.

La pili ni umbali. Hapa nataka kuwataja ngamia. Mwaka wa 1996 huduma yetu ya taifa ya maktaba ilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa, na baadaye Wajir. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na wa tatu vifaa vinginevyo. Msafara ulifika kijijini au shuleni, hema likasimamishwa, mikeka ikatandikwa, watoto wakachagua vitabu na kubaki navyo hadi msafara urudi. Watu wa nchi za mbali walipiga picha kwa sababu ya kioja cha ngamia. Mimi ninachokiona ni akili ya aliyebuni. Alijua kwamba wafugaji huhama na mifugo yao, na barabara ni mchanga ambao gari hukwama. Hakuwalaumu kwamba hawaji maktabani. Aliichukua maktaba akawafuata, tena kwa mnyama anayeijua njia.

Sasa mtaa wetu hauhitaji ngamia. Tunahitaji sanduku moja la vitabu lije shuleni kila mwezi na kubadilishwa. Jambo hili hufanywa mahali pengi na wala si la gharama ya kutisha.

La tatu ni ile dhamana, ambayo nimekwisha kuieleza. Nililitaja jambo hili kwa mlezi wetu, naye akaenda kuzungumza maktabani. Waliafikiana kwamba barua ya shule yenye muhuri itakubaliwa badala ya pesa kwa wanachama wetu, shule ikiwa mdhamini. Hadi ninapoandika, wanachama kumi na mmoja wana kadi. Mwenzangu aliyesema "kule huwezi pata kitabu" ni mmoja wao, na Jumamosi iliyopita nilimwona anazozana na mtu kwa sababu ya kiti.

MTU ALIYE KAUNTA

Nimalizie na mkutubi mwenyewe, maana yeye ndiye anayeweza kukuokolea muda au kukumalizia. Siku moja nikiwa napanga rafu alikuja mvulana mdogo akaomba "kitabu cha historia". Angeweza kunyooshewa kidole, "Kule, 900," akaenda kuzama katika vitabu mia tatu. Badala yake Mama Mkutubi alimwuliza, "Unataka kujua nini hasa, baba?" Mtoto akasema anataka kujua vita vya Maji Maji vilipiganwa lini. Akafunguliwa kitabu cha marejeleo, 1905 hadi 1907, akaandika, akaondoka anakimbia. Haikuchukua hata dakika tatu. Wengi wetu tukiulizwa huomba kitabu kikubwa kuliko shida tuliyo nayo kwa sababu tunaona haya. Mkutubi mzuri anajua kuuliza swali la pili.

Tena anajua kuondoa. Kwenye rafu yetu kuna atlasi ambayo bado inaonyesha Zaire na Yugoslavia. Huo ni ushahidi wa historia, sawa, lakini mtoto wa darasa la saba atakayeitumia kwa mtihani ataumia. Ile karatasi ya mihuri ya tarehe iliyobandikwa mwishoni mwa kitabu humwonyesha mkutubi ni kipi kinatembea na ni kipi kimelala. Nilipokirudisha Sauti ya Dhiki 896.392, niliifungua karatasi yake. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka mitano nyuma. Mwaka ambao watu wawili walikitaka kwa wakati mmoja, hakikupata hata muhuri mmoja.

ZOEZI KWA WANACHAMA

Majibu yaletwe kwa mhariri kabla ya muhula kwisha. Nenda maktabani ukiwa na saa. Chagua kitabu kimoja katika katalogi, andika dakika ulizotumia hadi kukishika, na kama hukukipata, eleza ulikwama wapi. Kisha nenda 398.9 uone ni methali za lugha gani zilizopo, na ngapi ni za Kiswahili. Toa vitabu kumi kutoka 896.392, nakili tarehe ya mwisho iliyopigwa katika kila kimoja, na uviache mezani ukimaliza. Na atakayekuta kitabu hakipo mahali pake, kabla ya kwenda kaunta, aangalie kwanza upande wa mapishi.